Kibodi Iliyochaguliwa kwa Sikio

Bi Chapa aliingia ndani na kibodi mfu kwenye mfuko wa plastiki, ameushikilia mbali na mwili kama mtu aliyetumwa kutupa panya. Hakusalimia. Aliuweka mfuko mezani, akavua viatu, akajitupa kitini na kumtazama mumewe kama anayengoja kusomewa hukumu.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Springi, alikuwa anamenya viazi. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaitoa kibodi, akaitikisa karibu na sikio. Kitu kikachakarika ndani. Alikuwa fundi wa taipureta tangu ujana wake, na ingawa taipureta zenyewe zilishageuka mapambo na vyuma chakavu, yeye hakuwahi kustaafu. Ni kazi tu ndiyo iliyoacha kuja.

"Imekufa," alisema.

"Najua imekufa, mimi ndiye niliyeiua. Niulize wakili kasema nini."

Wakili alikuwa amesema ofisi haitanunua kibodi nyingine. Tangu kompyuta ziingie, Bi Chapa alikuwa amezipasua zile kibodi zao nyembamba moja baada ya nyingine, kwa sababu vidole vyake vilifundwa kwenye mashine za chuma, zama ambazo herufi haikutoka mpaka uiamrishe. Alikuwa anapiga, hagusi. Na kwenye hizi za sasa, laini kama uji, hakuweza kujua herufi imeingia au bado, kwa hiyo alikuwa akipiga mara ya pili kwa usalama, na barua zikatoka zina kigugumizi. Juzi mteja mmoja alirudisha mkataba mzima akiuliza kama aliyeuandika alikuwa anatetemeka kwa homa.

Sasa wakili ametoa neno la mwisho. Ama mama alete kibodi yake mwenyewe inayoelewana na vidole vyake, ama kazi ya kuchapa itapelekwa duka la steshenari kule chini, na yeye ahamie stoo kupanga mafaili mpaka atakapostaafu. Stoo ile haikuwa na dirisha. Tarishi wa zamani alipelekwa humo, na inasemekana alistaafu, akaagwa, akarudi kwao, na ofisi ikaendelea kumwekea kikombe cha chai mlangoni kwa muda mrefu bila mtu kujua kwamba hayupo.

"Giza si kitu," alisema Bi Chapa. "Lakini mshahara wa stoo ni wa stoo, na kiinua mgongo kitapigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho. Nimechapa pale maisha yangu yote, halafu nilipwe kama niliyekuwa nahesabu vumbi."

Mzee Springi alirudi kwenye viazi vyake. Nyumba ile ilikuwa inasimama kwa mshahara wa mkewe, jambo ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyewahi kulitamka.

"Msichana wa mapokezi ananiambia kuna kibodi zinaitwa za mekanika," mkewe aliendelea. "Kila kitufe kina springi yake."

Neno hilo lilimwingia mzee kama chai ya moto inavyomwingia mtu aliyenyeshewa. Aliacha viazi, akavuta kiti, akataka kujua springi za namna gani, za kukaza au za kuvuta, chuma cha wapi. Mkewe hakujua. Alichojua ni kwamba zina bei, na kwamba pesa pekee ndani ya nyumba zilikuwa za godoro.

Godoro lao lilihitaji kusemewa neno. Lilikuwa limefanya bonde katikati, bonde la haki kabisa, kiasi kwamba kila mmoja alilala upande wake na alfajiri wakakutana chini kama viazi kwenye gunia. Mzee alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku moja alipotelea humo mpaka mkewe akamtafuta kwa tochi. Walikuwa wameweka akiba polepole, kwa kujinyima sukari na nauli.

"Godoro litangoja," alisema Mzee Springi. "Wewe niachie mimi hili. Kama kuna kitu duniani ninachokijua, ni mashine gani inafaa mkono wako."

Alisema hivyo kwa furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona kwake tangu alipofunga karakana.

*

Siku ya mapumziko walikwenda wote wawili kwenye duka la vifaa vya kompyuta, mzee amevaa koti lake la kazini, lile lenye mifuko ya bisibisi. Njiani alizungumza bila kupumua. Alikumbusha enzi alipokuwa akizunguka ofisi na baiskeli, sanduku la vifaa nyuma, na jinsi alivyokuwa akisimama kwenye kona kabla hajafika kwenye jengo la wachapaji, akafumba macho, akasikiliza. Chumba kizima cha taipureta kikiunguruma kama treni, yeye angeweza kuuchomoa mlio mmoja tu: unaokwenda mbio kama mvua ya kwanza juu ya bati, halafu unakata kidogo, halafu mvua tena. Huo ulikuwa wa binti mmoja wa meza ya dirishani.

Alivyopenda kusimulia yeye, aliujua mlio wa mkewe kabla hajaiona sura yake, na siku ya kwanza aliingia chumbani akiwa amefumba macho, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwake bila kugonga hata kiti. Waliokuwepo siku ile wanasema aligonga viti vitatu na ndoo ya kudekia. Lakini kufika, alifika.

"Na kila Ijumaa mchana mashine yako inaharibika," alimkumbusha mkewe, akimgusa bega. "Kila Ijumaa. Kumbe ulitaka tu niitwe. Ukanifanya mjinga wako."

Bi Chapa alicheka, akasema watazame barabara wasigongwe.

Dukani walimkuta binti mmoja mwenye vipokea sauti vikubwa shingoni, mchangamfu, asiyewaonea haya wazee. Aliwapangia kibodi juu ya kaunta na kuwaeleza bila kuwazungusha. Zile zenye kuwakawaka taa za rangi aliziweka kando mwenyewe: hapo mtu ananunua taa, alisema, na ofisini hakuna anayekwenda disko. Isiyo na waya nayo ni gharama bure. Zile fupi, zisizo na tarakimu upande wa kulia, ni rahisi zaidi lakini kwa mtu wa mikataba zitamsumbua. Kwa pesa zao, alisema, watie nguvu kwenye kitu kimoja tu, nacho ni swichi zilizo chini ya vitufe.

Swichi zilikuwa za namna tatu, zikitambulika kwa rangi. Nyekundu hushuka moja kwa moja, kimya. Kahawia hukugusa kidole katikati ya safari lakini haina kelele sana. Bluu hukugusa, na tena hulia. Aliyokuwa nayo ya bluu ilikuwa imetumika kidogo, kwa hiyo bei yake imepungua. Ya kahawia ilikuwa mpya, ghali kidogo.

"Mama anachapia wapi?" binti aliuliza. "Chumba chake peke yake, au yuko na wenza—"

"Ngoja, mwanangu," alisema Mzee Springi, akainua mkono. "Usiniambie. Mama, piga."

Bi Chapa alipiga nyekundu, akatikisa kichwa. Akapiga kahawia, mstari mmoja, kisha mwingine, kisha wa tatu ambao hakuna aliyemwomba. Halafu akapiga ya bluu. Na hapo mzee akafumba macho. Ilikuwa inalia haswa, kikavu, kidogo kidogo, mvua juu ya bati, na duka likamtoka, na kaunta, na uzee wake, akawa amesimama konani na baiskeli yake, koti lake bado jipya.

"Hii," alisema.

Mkono wa mkewe ulikuwa umerudi kulala juu ya ile ya kahawia. Mzee aliuona alipofumbua macho, akadhani amechoka kusimama na anaegemea kaunta. Bi Chapa alimtazama usoni muda mfupi, akaondoa mkono, akafungua pochi.

*

Ofisini kwa wakili kuta za ndani zilikuwa zimeng'olewa mwaka uliotangulia ili chumba kimoja kirudishwe kwa mwenye jengo na kodi ipungue. Sasa Bi Chapa, msichana wa mapokezi na mhasibu walikaa chumba kimoja, na wakili mwenyewe alitengwa nao kwa ubao mwembamba kama biskuti. Haya Mzee Springi aliyajua. Aliyajua vizuri, maana mkewe alilalamika miezi mitatu. Ila siku ile dukani hayakumjia kichwani kabisa.

Jioni ya kwanza mkewe alirudi akasema kazi imekwenda vizuri, hakuna herufi iliyojirudia. Jioni ya pili alisema vivyo hivyo, ila aliomba taulo. Alitaka kuiweka chini ya kibodi, ofisini meza ni ngumu. Jioni ya tatu alirudi na kibodi yenyewe, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, na hapo ndipo mzee alipovuta habari yote kutoka kwake, neno moja baada ya jingine.

Msichana wa mapokezi alikuwa ameuliza nani analeta bisi kazini. Mhasibu alijaribu kuwa mstaarabu siku mbili, kisha akahamisha meza yake mpaka ukumbini. Na leo mteja mkubwa, akiwa kwenye simu na wakili, alisimamisha mazungumzo akauliza kama ofisini kwao wanakaanga kitu. Wakili alitoka nje ya ubao wake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Bi Chapa zaidi. Alisema: mama, kesho mchana kuna mkataba wa wale wenye viwanja, kurasa nyingi, wateja watakuja kutia saini jioni ileile. Kama huwezi kuuchapa humu ndani na sisi tukafanya kazi, nitaupeleka steshenari, na ukishakwenda steshenari mara moja sioni kwa nini mingine isiende.

"Mbele ya wote?" mzee aliuliza.

"Mbele ya wote. Akaniambia na pole."

Mzee Springi alinyanyuka, akaleta sanduku lake la vifaa. Alisema mashine ni mashine, na kelele ni kitu kinachotoka mahali. Ukipajua mahali unapaziba. Alitandaza gazeti mezani, akaigeuza kibodi, akaanza na skrubu. Mkewe alimuuliza kama ana hakika. Alimjibu kwamba aliwahi kunyamazisha taipureta ya hakimu mmoja iliyokuwa inaogofya mbwa wa mtaa wa pili.

Lakini ndani ya kitu kile hakukuwa na dunia aliyoizoea. Hakukuwa na mikono ya chuma wala gurudumu wala kamba ya kubana. Kulikuwa na vijisanduku vidogo vya plastiki vimesimama safu kwa safu kama makaburi, na mlio ulikuwa ndani ya kila kimoja, umezaliwa nacho. Alijaribu mafuta. Alijaribu vipande vya mpira wa ndala. Akakibandua kijisanduku kimoja kwa ncha ya bisibisi, kifuniko kikaruka, na springi nyembamba kama unywele ikapaa, ikameta mara moja karibu na taa, ikaenda zake. Walipiga magoti wote wawili kuitafuta sakafuni. Hawakuiona. Aliporudishia vifuniko, kitufe kile kikawa kimelala, hakishuki wala hakipandi.

Mzee alikaa chini palepale, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Mume wangu," alisema Bi Chapa, naye akiwa bado sakafuni. "Nataka nikuambie kitu, na usinikatishe."

"Sema."

"Mimi mlio ule sikuwahi kuupenda."

"Wa hii?"

"Wa hii, wa taipureta, wa zote. Chumba kile tulijaa kama dagaa, kila mtu na mashine yake. Nilikuwa nachapa na pamba masikioni. Unakumbuka nilivyokuwa nachana nywele kufunika masikio?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nazisifu."

"Nilikuwa naficha pamba."

Mzee Springi alisema, polepole, kama anayejaribu ngazi mbovu, "Sasa herufi ikiingia ulikuwa unajuaje?"

"Kwa kidole. Kitufe kikishuka, kuna mahali kinagoma kidogo, halafu kinakubali. Hapo ndipo ninapojua. Hizi za ofisini hazigomi wala hazikubali, ndiyo maana nazitwanga."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ipi?"

"Mashine yako. Kila Ijumaa inaharibika, naitwa."

Bi Chapa alimtazama kwa huruma ya mtu anayeng'oa mwiba. "Ilikuwa inaharibika, baba. Ulikuwa unaitengeneza vibaya."

Mzee alikuwa amesimulia kisa cha zile Ijumaa kwenye harusi za watoto wao wote, na kwenye misiba kadhaa.

"Mbona dukani hukusema?" aliuliza mwishowe.

"Niliutazama uso wako. Ulikuwa umefumba macho, unatabasamu peke yako. Ningekwambia nini?" Alimshika goti. "Mimi nilimpenda fundi. Mashine nilikuwa nalipwa kuivumilia."

*

Asubuhi mkewe alikwenda kazini mikono mitupu. Rasimu ya mkataba ingekuwa kwa wakili mpaka saa za mchana, ndipo imfikie. Mzee Springi alichukua kibodi, akachukua chenji yote iliyobaki kwenye pesa za godoro, ambayo walikuwa wamekusudia angalau inunue pamba ya kujazia lile bonde, akaifunga kwenye leso.

Njiani alitunga maneno. Kufika dukani alikuwa na kisa kizima, kizuri, chenye jirani, mvua na paka, cha kueleza kwa nini kitufe kimoja kimelala. Alikianza vizuri. Binti wa duka alimsikiliza, akaigeuza kibodi, akapitisha ukucha juu ya skrubu zilizokwaruzwa.

"Mzee wangu, hii imefunguliwa."

Ukutani, juu ya kichwa cha binti, palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Nyuma ya mzee kulikuwa na mtu anayetaka chaja, akisogea kwa kila pumzi. Alimwambia babu ampishe kama hanunui.

"Imefunguliwa," alisema Mzee Springi.

"Na nani?"

Paka alikuwa bado yupo, tayari kabisa kubeba lawama. Mzee akamwacha aende. "Na mimi. Mke wangu anachapa ofisini, chumba kimoja na wenzake. Ulitaka kutuuliza, nikakukatiza. Niliichagua kwa kuisikiliza. Nikajaribu kuinyamazisha, nikaiharibu. Mkataba unachapwa leo, na akishindwa anapelekwa stoo."

Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kusimulia jambo kwa ufupi namna ile. Mwenye chaja aliacha kusogea.

Binti alikuna shingo. Sheria ile hakuiandika yeye, alisema. Lakini kulikuwa na vijana wa michezo ya kompyuta wanaozitafuta hizi zenye makelele kama dawa, na swichi moja anaweza kuchomoa kwenye mbovu nyingine. Angeichukua kama kipuri. Akataja bei ya kipuri, akitazama pembeni, kwa maana ilikuwa bei ya kutia aibu. Mzee alifungua leso. Walihesabu pamoja, leso yote ikaingia, na bado ile mpya ya kahawia ilikuwa inapungukiwa kidogo. Binti alisema basi, aijaribu kwanza.

"Safari hii sitaki kusikia," alisema mzee. "Niazime hivyo vya shingoni."

Binti alizima muziki, akamvisha vipokea sauti. Duka likazimika. Mwenye chaja alikuwa anasema kitu, mdomo unakwenda kama wa samaki. Binti alichomeka kibodi kwenye kompyuta ya kaunta, akamsogezea.

Hapo ndipo lilipomjia jambo la ajabu, kwamba katika miaka yote ya ufundi hakuwahi kuandika. Alikuwa akipiga herufi moja mara nyingi, au safu nzima toka mwanzo mpaka mwisho, kuona kama zinanyanyuka. Neno zima lenye maana, la kusomwa na mtu, lilikuwa kazi ya wengine. Alinyoosha kidole. Akatafuta herufi, akaibonyeza taratibu, na katikati ya safari kidole kikakutana na kitu: kipingamizi kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni, ambaye ukimwambia hodi anakupisha. Akabonyeza tena. Kinagoma, kinakubali. Akajaribu nyekundu, ikamdondosha mpaka chini bila neno, kama mtu anayedhani ngazi bado ina kidato kimoja. Akarudi kwenye kahawia na kulimaliza neno lake.

Alipovua vipokea sauti, binti alikuwa amelisoma kwenye kioo. Alifuta alichoandika, akaichomoa kibodi, akaifunga kwenye boksi lake, akasema kilichopungua aje kukileta siku akipata. Mwenye chaja akaweka noti yake mezani, juu ya leso, akasema ifidie kilichopungua, chaja yake haina haraka kiasi hicho.

*

Mzee alipanda ngazi za ofisi kwa mapumziko matatu. Msichana wa mapokezi alimwamkia, akamwonyesha benchi. Wakili alitokeza kutoka nyuma ya ubao na bunda la karatasi mkononi, akaliona boksi.

"Mzee, na hii nayo itaimba?"

"Haiimbi, wakili."

"Unajuaje?"

"Sikuisikiliza," alisema Mzee Springi, na wakili, ambaye hakuelewa, akampa Bi Chapa karatasi na kutazama saa.

Bi Chapa aliichomeka. Akaweka vidole, akapiga neno moja, la pili, akasimama. Mumewe pale bencheni aliivua kofia. Halafu mabega ya mkewe yakashuka, kama ya mtu aliyevua viatu vya kuazima, na mikono ikaanza kwenda.

Mlio ulikuwepo, lakini mdogo, wa chini chini, kama kuku wanaodonoa uani kwa jirani. Msichana wa mapokezi alipokea simu juu yake. Mhasibu alichungulia kutoka ukumbini, akasubiri, akaanza kuvuta meza yake kuirudisha ndani. Mzee alijaribu kusikiliza kama zamani, lakini zilikuwa zinachapa kompyuta mbili chumbani, na ipi ni ya nani hakuweza kuitenga. Aliendelea kukaa pale, kofia magotini, anamtazama tu. Mkewe alikuwa na mvi nyingi kisogoni kuliko alivyofikiria. Alikuwa akitoa ncha ya ulimi kwenye pembe ya mdomo kila alipofika mwisho wa aya. Bila shaka alifanya hivyo tangu ujana, na yeye, aliyekuwa bingwa wa kumsikia, hakuwahi kuliona.

Alasiri wakili alitoka, koti limeshavaliwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kukasirika kwamba wateja wako njiani na sasa lazima waamue, wanaanza huo mkataba au anaushusha chini.

Bi Chapa alimnyooshea kurasa, bado zina joto la printa.

Wakili alizipekua amesimama. Alirudi ukurasa wa tatu, akaenda mbele, akarudi tena, akitafuta mahali pa kulalamika. "Umeuchapa saa ngapi?"

"Ulipokuwa kwenye simu."

Wakili akasema, basi, kesho asubuhi kuna ile barua ya benki, nayo ni ndefu, akarudi nyuma ya ubao wake. Habari za stoo hazikutajwa siku hiyo, wala keshoye, wala baada ya hapo.

*

Walitembea kurudi nyumbani, kwa kuwa nauli nayo ilikuwa imeingia kwenye kibodi. Jua lilikuwa limelegea. Bi Chapa alikuwa akikunja na kukunjua vidole huku akitembea, akasema haviumi, akashangaa mwenyewe. Kisha akamuuliza mumewe aliichaguaje bila yeye kuwepo kuipiga.

Mzee Springi aliona kisa kinamjia, kizuri, kirefu kutoka pale mpaka mlangoni kwao. Akakimeza.

"Niliandika," alisema.

"Wewe? Uliandika nini?"

"Neno moja tu."

"Lipi?"

Alitembea hatua kadhaa akitazama viatu vyake. "Pole," alisema. "Basi. Limenitoa jasho. Foleni imefika mlangoni, natafuta ile L, nazunguka ubao wote kama mtu aliyepoteza mbuzi."

Bi Chapa hakucheka. Alisimama palepale kando ya barabara, watu wakiwapita, akauchukua mkono wa kulia wa mumewe, akaulaza juu ya mkono wake mwenyewe na kuvipanga vidole kimoja kimoja, kama alivyopangwa yeye siku ya kwanza ya darasa la kuchapa. Akakishika kile cha pete, akakibonyeza taratibu kwenye ngozi yake.

"L iko hapa," alisema.